Aliyemshikia Babu Mrija

Mzee Drani alipofariki, binti yake alinipigia simu niende Nateete kuchukua kitu changu. Nilimjibu kwamba sina kitu changu kwao. Akasema, "Basi ni cha babu yako. Mzee alituambia hakikuwa chake, yeye alikuwa anakishika tu."

Nilikwenda kesho yake. Viti vya msiba vilikuwa bado vimepangwa uani, nyuma ya soko, na watoto walikuwa wanaviruka kama viunzi. Binti yake aliingia ndani, akatoka na bomba la plastiki la mafundi wa maji, refu kunipita, limezibwa ncha zote mbili kwa vitambaa. Nilipovuta kitambaa kimoja, harufu ilinifikia kabla sijaona chochote. Ilikuwa harufu ya ulezi uliochacha, yenye moshi wa mkaa na uchachu wa mbali kama wa mkate uliosahaulika kabatini. Ndani mlikuwa na mrija wa Babu wa kunywea malwa, ile pombe ya ulezi, ule wa kijiti cha mti unaotambaa, mweusi kwa mafuta ya mikono yake. Babu alikuwa amezikwa zamani, mimi nikiwa bado sekondari. Miaka yote hiyo mrija wake ulikuwa Nateete, na mimi nilidhani ulizikwa naye.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kupokea hadithi jinsi ilivyo. Ncha ya mrija ule ina kichujio cha chuma chenye vitundu vidogo vya kuzuia makapi, na Babu alikuwa akituambia sisi watoto kwamba lile ni ganda la risasi. Kabla hata sijafika nyumbani niliteremka Katwe, nikamtafuta fundi mmoja anayechomelea masufuria, nikamwonyesha. Alikigeuza, akakikwaruza kwa tupa, akakinusa, akasema ni kipande cha bomba la friji. Nilimshukuru nikaondoka. Ndivyo nilivyo. Nikipewa hadithi, naitafutia fundi. Lakini nikiwa njiani, bomba limelala kwenye magoti yangu na harufu ile inanifuata, nilianza kufikiria yale ambayo sikuweza kuyapeleka kwa fundi yeyote.

Mama alikuwa polisi, na nyumba tuliyopewa kwenye kambi ya polisi kule Naguru ilikuwa kibanda cha bati cha mviringo, vile ambavyo watu wa kambi waliviita unipoti. Mchana kilikuwa tanuri, mvua ikinyesha kilikuwa ngoma. Tulikuwa tumepangwa kama mabakuli yaliyofunikwa, mlango kwa mlango, na kila mlango ulikuwa na lugha yake: Kiacholi, Kilugbara, Kiteso, Kinubi. Nje ya milango yote kulikuwa na Kiswahili. Shuleni, wenzangu Waganda waliniambia hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi, na mwalimu mmoja akacheka badala ya kuwakemea. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Babu kama ni kweli. Alisema, "Wezi wanaongea lugha zote." Hilo lilinitosha kwa siku chache.

Babu alikuja kukaa nasi kwa sababu ya mguu. Risasi ilimpiga chini ya goti la kushoto, na kila msimu wa baridi mguu ulivimba ukang'aa kama embe bivu. Mama alimtoa kijijini ili awe karibu na hospitali. Kwa hiyo mzee aliyezoea anga na mashamba alijikuta kwenye kibanda cha bati pamoja na binti anayefanya kazi kwa zamu na mjukuu anayeuliza maswali. Hakuwa na mtu wa rika lake wa kuzungumza naye. Juma zima alikaa mlangoni akitazama njia, akinyoosha mguu pale kivuli kilipokwenda. Alikuwa anasubiri Jumapili.

Jumapili, baada ya kanisa, wazee walikutana nyuma ya jiko la Mama Apolot. Huyu alikuwa mjane wa polisi, Mteso, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na malwa yake ilisifiwa hadi Ntinda. Chungu kilikaa katikati, viti vikakizunguka, na kila mzee alitumbukiza mrija wake mrefu akajiegemeza nyuma. Kando, juu ya sigiri, birika kubwa lilikaa kwenye moto muda wote, maana malwa huongezewa maji ya moto kila inapopungua. Maji yakimiminwa juu ya ulezi, ule mvuke wake ndio niliokutana nao ndani ya bomba la plastiki.

Mimi nilikuwa nakaa chini, nyuma ya kiti cha Babu, na kwa kuwa nilikuwa sijui kunyamaza walinipa jina la Profesa. Kile chungu kilikuwa na sheria nyingi kuliko kambi yenyewe. Hupulizi ndani ya mrija. Huchungulii chunguni. Hunywi ukiwa umesimama. Na ukienda msalani, huachi mrija wako peke yake, kwa sababu mrija ulioachwa unaweza kutiwa kitu. Unamkabidhi mtu mmoja, naye anaushika mpaka urudi. Akiwa ameshika wa kwako, hanywi hata kwa wa kwake. Ukirudi, yeye huonja kwanza kwa mrija wako, ukaona kwamba hajafa, ndipo nawe unakunywa. Wazee wenyewe waliifanyia mzaha sheria hiyo, lakini hakuna aliyeivunja.

Babu alimkabidhi Mzee Drani. Kila Jumapili, kila mara, na wazee wa umri ule huinuka mara nyingi. Drani alikuwa mtu wa Arua, mrefu, mkavu, mwenye chale za zamani usoni na Kiswahili cha kambini kisichojali sarufi. Aliishi kwa mwanawe, polisi kama Mama, vibanda vichache kutoka kwetu. Nateete walihamia baadaye. Aliupokea mrija wa Babu kwa mikono miwili, akauegemeza begani, akatulia. Naye akiinuka, alimpa Babu wake. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Nilivyoelewa mimi wakati huo, ule ulikuwa utaratibu wa lindo: mkubwa anaondoka, mdogo anabaki na silaha. Nikaamini kwamba Babu alikuwa na cheo kumpita Drani, na kwamba Drani alikuwa askari wake.

Kulikuwa pia na Koplo Wafula, mdogo kuliko wao, mnene, mcheshi, ambaye alikaa kulia kwa Babu. Wengine walikuja na kuondoka, lakini hao watatu ndio waliokuwa chungu chenyewe. Waliongea juu ya viatu vilivyobana, maharage yenye wadudu, maafisa waliokuwa wakipanda gari wakati wengine wanatembea, baridi ya alfajiri porini. Mmoja akianza wimbo wa mchakamchaka, wote waliitikia. Mmoja akitoa amri ya gwaride kwa mzaha, wote walinyoosha migongo kabla hawajacheka. Kwa mtoto yeyote mwenye akili jambo lilikuwa wazi: hawa walikuwa jeshi moja, wamepigana bega kwa bega. Kilichokosekana ni adui.

Hapo ndipo nilipogonga ukuta, kwa sababu sheria kubwa kuliko zote za Mama Apolot ilikuwa kwamba vita haviongelewi kwenye chungu chake. Viatu sawa, maharage sawa, lakini nani alimpiga nani, wapi, hapana. Aliyeteleza alitoa mrija wake na kwenda kukaa kwenye benchi kando ya ukuta wa unipoti, mpaka birika lingine la maji lichemke. Wafula ndiye aliyelijua benchi hilo vizuri, kwa sababu mdomo wake ulikimbia kumpita. Mimi, kwa kuwa sikuwa na mrija, nilijiona sheria hainihusu. Nilimuuliza Wafula adui alikuwa nani, akasema mbu. Nilimuuliza mzee mwingine, akasema njaa. Nilimuuliza Drani, akaniambia niende nikacheze.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipoweza kupanga mambo. Drani alikuwa kwenye jeshi la rais yule ambaye nchi nzima ilimkimbia, kisha akakimbia yeye mwenyewe. Babu alikuwa miongoni mwa waliokuwa uhamishoni Tanzania, waliorudi na bunduki kumwondoa. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Wafula alikuwa kijana wa waasi wa porini ambaye miaka kadhaa baadaye alikuja kuliondoa jeshi la Babu. Mama Apolot alinifupishia yote hayo siku moja nilipomtembelea nikiwa na vitabu kwapani. Alisema Drani alishindwa na babu yangu, babu yangu alishindwa na Wafula, na Wafula alishindwa na mke wake. Hotuba za sikukuu huwataja wakongwe wa vita kana kwamba walitoka mlango mmoja na kurudi mlango mmoja, na kila nikizisikia huwa najiuliza msemaji aliwahi kukaa kwenye chungu gani.

Lakini nilipokuwa mtoto sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokuwa nacho ni ng'ombe.

Babu alinisimulia jioni moja akipaka mguu mafuta. Sheria ya Mama Apolot haikufika nyumbani kwetu, na hata hivyo aliongea kama mtu anayeokota vipande chini. Kulikuwa na daraja dogo, alisema, njia ya kwenda kaskazini, na mto wenye maji ya rangi ya chai. Walifika asubuhi. Wenzake walikuwa wamejificha kwenye nyasi, naye pia. Katikati ya daraja alisimama ng'ombe mweupe, peke yake, hana mchungaji. Alikuwa anamtazama Babu. Pembe moja ilikuwa imevunjika, na pua yake ilikuwa inatoa mvuke. Kwa muda hakuna aliyepiga risasi. Watu wazima wenye bunduki walikuwa wanamsubiri ng'ombe apite. Nilimuuliza kisha ikawaje. Akasema kisha watu walichoka kusubiri, akafunika mguu.

Haukupita muda mrefu Drani naye akanipa ng'ombe. Nilikuwa kwenye foleni ya bomba la maji la kambi, naye alikuwa amekaa kwenye dumu lake. Mtoto mmoja alikuwa anamtesa paka, akimvuta mkia, na Drani akamkemea, kisha akaniambia, kama anayeendelea na mazungumzo yaliyoanza zamani, kwamba yeye aliwahi kutazama mkia mmoja asubuhi nzima. "Ng'ombe ilikuwa kwa daraja," alisema. "Mweupe. Mimi naona mkia tu. Inapiga nzi huku, inapiga nzi huku. Nilisema, ikigeuka tu, mimi nitakwenda nyumbani."

"Ikageuka?"

"Dumu yako imejaa, Profesa. Funga maji."

Nililibeba dumu nyumbani kwa haraka. Nilikuwa nimegundua kitu. Babu alikuwa kwenye daraja lile, Drani alikuwa kwenye daraja lile, na ng'ombe alikuwa mmoja. Sikuwa na shaka tena kwamba walikuwa pamoja. Kilichonisumbua ni uso na mkia, na hilo nililitatua kwa njia ya kitoto: nikachukua kipande cha mkaa na kuchora kwenye ukuta wa unipoti, upande ule wa benchi la Mama Apolot, ambapo bati lilikuwa safi. Nikachora daraja. Nikachora ng'ombe katikati, pembe moja fupi. Mbele ya uso wake nikamweka mtu mwenye bunduki, na nyuma ya mkia nikamweka mwingine, mrefu, mwenye mistari usoni. Ng'ombe alinishinda kidogo. Uso wake ulitoka kama wa binadamu.

Wazee walipofika Jumapili, Wafula ndiye aliyeona kwanza. Aliuliza ni ng'ombe gani huyu anayefanana na mkuu wa kituo, na wote wakacheka. Kisha akaniita. "Profesa, tufundishe. Hawa ni nani?"

Nilisimama kama mwalimu. Nilisema huyu ni Babu, anatazama uso. Na huyu ni Mzee Drani, anatazama mkia.

Wafula alikuwa tayari ameanza kucheka. "Kumbe nyinyi wazee mlikuwa mnatazamana," alisema, na kicheko chake kikamkwama katikati, kama mtu aliyemeza kitu cha moto. Alitoa mrija wake mwenyewe, bila kuambiwa, akaenda benchi. Hakuna aliyemtazama.

Nakumbuka sauti ya birika. Nakumbuka Babu akiwa ameshika mrija wake mbali kidogo na mdomo, akitazama ule ukuta, kisha akitazama mguu wake uliokuwa umenyooshwa mbele kama kitu cha mtu mwingine. Drani hakutazama ukuta. Alivuta mrija wake kutoka chunguni, polepole, mpaka ncha ikatoka inadondosha. Akaupangusa kwa leso, akasimama, akamshukuru Mama Apolot kwa malwa, akaondoka. Hakumpa mtu mrija. Aliondoka nao.

Mama aliporudi kutoka kazini alinichapa, lakini kwa ajili ya mkaa kwenye bati la serikali. Alinipa sabuni na brashi nikasugue. Mkaa haukutoka wote. Ng'ombe alibaki, kijivu, hafifu, na miguu ya wale watu wawili. Kuhusu yale mengine hakuna aliyenisema, nami sikuona kosa. Niliona nimesema jambo la kweli, na watu wazima wameudhika na ng'ombe.

Jumapili iliyofuata kiti cha Drani kilikuwa kitupu. Na iliyofuata. Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi mambo yalivyokuwa yameshikiliwa. Babu alipohitaji kwenda msalani, alitazama upande wa kiti kile, kisha akatazama mkono wa Wafula uliokuwa umeshanyooshwa, kisha akainuka na mrija wake. Aliuchukua. Nilimwona akichechemea uani, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili mrija mrefu unaodondosha malwa kwenye vumbi, akiuinamisha kupita chini ya kamba ya nguo, na watoto wa kambi wakimfuata wakicheka. Mara iliyofuata hakuinuka kabisa. Alikaa mchana mzima na mrija chunguni bila kunywa, ili asije akahitaji kuinuka. Wafula alijaribu kumchekesha kwa kila alichojua. Mama Apolot aliongeza maji kwenye chungu ambacho hakikupungua.

Baadaye Babu akaacha kwenda. Alisema mguu unauma, na huenda uliuma kweli, lakini ulikuwa msimu wa jua. Alikaa mlangoni Jumapili kama alivyokaa siku nyingine, na sasa hakuwa na siku ya kusubiri. Mama alianza kuzungumzia kumrudisha kijijini, kwa sauti ya chini, akidhani sisikii. Nilisikia vizuri sana. Niliogopa, kwa sababu Babu ndiye mtu pekee aliyewahi kunijibu swali kwa jibu.

Drani nilikuwa nikimkuta bombani. Hakunikwepa. Zamani hakuwahi kugusia mguu wa Babu, hata mara moja, na mimi nilikuwa sijaliona hilo. Sasa ndilo lililokuwa salamu yake.

"Mguu ya babu yako iko namna gani?"

Nilimwambia unavimba. Siku nyingine nilimwambia hatembei mbali. Siku ya tatu au ya nne, nikiwa nimeshalifikiria njia nzima, nikamuuliza swali nililokuwa nalo. Sidhani nilijua uzito wake. Nilitaka tu kumaliza mchoro wangu.

"Ni wewe uliyempiga?"

Alikuwa anajaza dumu. Aliacha maji yajae, yakamwagika juu ya viatu vyake, ndipo akafunga bomba.

"Sijui," alisema. "Sisi wote tulipiga. Mimi sikuangalia mbele. Niliangalia ng'ombe, isikufe."

Nilikwenda moja kwa moja nikamwambia Babu, neno kwa neno, hata na sarufi yake ya kambini. Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linatoka kama utepe. Hakuacha kumenya. Aliniuliza, "Alisema isikufe?" Nikasema ndiyo. Akanipa nusu ya chungwa. Nikasubiri aseme zaidi, kwa sababu nilijiona nimeleta ushahidi, lakini alikula nusu yake yote na mbegu akazitemea njiani moja moja, kama anayelenga kitu.

Jumapili ile alivaa koti. Alikwenda kwa Mama Apolot mapema kabla ya wengine, akakaa kwenye kiti chake, akatumbukiza mrija. Sijui nani alimpelekea Drani habari. Namshuku Mama Apolot, aliyekuwa amemtuma mtoto wake kununua mkaa na mtoto akapita njia isiyoelekea kwenye mkaa. Drani alikuja wazee wote wakiwa wameshakaa. Kile kiti chake cha zamani, kushoto kwa Babu, kilikuwa wazi, lakini hakukikalia. Alivuta kigoda akakaa ng'ambo ya chungu, wakatazamana na Babu juu ya mvuke. Akaingiza mrija wake. Wafula alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Babu akaanza kunywa. Alikunywa kama mtu aliyetoka safari, bila kupumzika, macho yamefungwa, koo linapanda na kushuka. Maji yaliongezwa, akaendelea. Nilidhani ana kiu. Nilidhani pia amekasirika, na nikajisogeza nyuma kidogo pale chini nilipokaa. Kisha akafungua macho, akashika fimbo, akainuka, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kukaa akajijaza maji makusudi.

Wafula alinyoosha mkono. Alikuwa karibu kabisa, na aliunyoosha kwa upole, kama mtu anayesaidia. Babu hakuuona, au aliuona. Aliutoa mrija chunguni, akaanza kuzunguka. Kulizunguka duara lile kwa mguu ule halikuwa jambo dogo. Viti vilibanana, watu wakakunja magoti, fimbo ikakwama kwenye kamba ya kiatu cha mtu. Malwa ilidondoka kwenye mabega ya wazee wawili na hawakujipangusa. Alipofika kwenye kigoda cha Drani alisimama juu yake, akipumua, akamnyooshea mrija.

Drani aliupokea kwa mikono miwili. Akauegemeza begani.

Babu alikaa huko msalani muda mrefu kuliko haja yoyote. Nilimtazama Drani wakati wote huo. Alikuwa na mirija miwili, mmoja kila bega, wima kama mtu wa gwaride, na hakunywa kwa wowote.

Babu aliporudi, Drani aliinua ule mrija aonje kwanza, kama sheria ilivyotaka. Babu akauchukua kabla haujafika mdomoni. Akautumbukiza chunguni akanywa, hapo hapo, akiwa amesimama, jambo ambalo lenyewe lilikuwa kosa. Kisha akaketi kwenye ukingo wa ngazi ya jiko, pembeni ya kigoda.

"Drani," alisema. "Yule ng'ombe alikwenda upande gani?"

Drani alifikiri kama mtu anayeulizwa njia.

"Ilikuja kwenu. Ingekuja kwetu ingekuwa chakula."

"Ilikuwa chakula," Babu alisema. "Waliniletea kipande nikiwa kwenye machela. Kigumu kama soli."

"Sisi tulilala njaa."

"Hukukosa kitu. Nakuambia ilikuwa soli."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mama Apolot akaweka mwiko chini. Kwa ile sauti yake ndogo alisema hiyo ni vita, na sheria anazijua kila mtu, na wote wawili watoe mirija waende benchi mpaka maji yachemke.

Walikwenda. Wazee wawili wenye vyeo, kila mmoja na mrija wake, walikwenda kukaa kwenye benchi la adhabu chini ya ng'ombe wangu wa kijivu, mabega yakigusana kwa sababu benchi lilikuwa fupi. Walianza kuongea. Nilisogea ili nisikie, na Wafula akanishika ukosi wa gauni, si kwa nguvu, akanikalisha kando ya sigiri. Kutoka pale niliona midomo yao tu. Niliona Drani akionyesha kwa mkono kitu kilichokuwa mbali, na Babu akikataa kwa kichwa, akionyesha mahali pengine, karibu zaidi. Niliona Drani akiweka kiganja juu ya goti la Babu, lile la kushoto, na kukiacha hapo. Walichosema sikijui mpaka leo. Nimewahi kuwahoji wazee wengi tangu wakati huo, nikiwa na kinasa sauti, na hakuna niliyetamani kumsikia kama wale wawili.

Kando yangu kifuniko cha birika kilikuwa kimeanza kucheza. Mvuke ulitoka kwa nguvu, maji yakarukia mkaa na kuzomea. Wafula alitazama birika, akatazama benchi.

"Maji tayari, Mama," alisema.

"Bado," alisema Mama Apolot.

Wafula alitazama tena. "Kweli. Bado kidogo."

Kisha wote wakanigeukia mimi, mtoto aliyejulikana kambi nzima kwa kutokubali kitu asichokiona. Kifuniko kilikuwa kinaruka mbele ya macho yangu. Mama Apolot aliniuliza, "Profesa, wewe unaonaje?"

Nililitazama birika vizuri.

"Bado," nikasema.